Uso wa Mmoja Katika Umati

Huko Kiabakari, Jimbo la Musoma, mahujaji huenda kuitazama picha ya Huruma ya Mungu, ambamo Kristo amjia kila atazamaye. Picha hufundisha pasipo maneno, kadhalika sinema.

Mwaka 2018 ilitolewa filamu ya mambo ya kweli, In the Name of Your Daughter, ya Giselle Portenier. Yahusu wasichana wa Serengeti, mkoa huo huo wa Mara, waliotoroka makwao wasikeketwe, wakapokewa katika nyumba salama ya Mugumu. Sherehe za ukeketaji zikitazamwa kwa mbali, umati hupendeza: ngoma, nderemo, vigelegele. Aliyekimbia haonekani, huitwa mkaidi, basi. Filamu hii yaligeuza jicho letu, yatuonyesha uso wake, naye ajieleza kwa kinywa chake.

Sheria ya mwaka 1998 yakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18. Lakini sheria haimrudishi binti mezani kwa babaye. Enyi wazazi Wakristo, Mchungaji Mwema aliwaacha 99 akamfuata mmoja. Binti akibisha hodi, tumtazame yeye usoni kwanza, kabla ya kuwatazama majirani.