Kamera Njiani Kuelekea Sokoni

Huenda sasa hivi unapiga pasi sare za watoto, chai iko jikoni, na bado hujanunua luku.

Nataka nikueleze habari za Vivian Maier, yaya wa Chicago, Marekani. Alianza kazi hiyo mjini humo mwaka 1956. Alilea watoto wa watu, akawatoa matembezi, akaenda dukani. Shingoni alining'iniza Rolleiflex, kamera ambayo mpigaji huishika usawa wa kifua na kuinamisha kichwa kutazama kioo kilicho juu yake. Filamu yake ilitoa picha 12 tu, kwa hiyo kila moja aliifikiria. Katika nyumba moja aliyofanyia kazi, bafu lake ndilo lilikuwa chumba chake cha kusafishia picha.

Aliacha negativu zaidi ya 100,000: wazee wakisubiri basi, watoto wakilia, kivuli chake mwenyewe ukutani. Alifariki mwaka 2009, kabla dunia haijamjua. Hilo linaniuma.

Mimi naamini kazi za nyumbani hazikumzuia. Ndizo zilizomfikisha mitaani kila siku.

Nawe leo ukipita Kariakoo kununua nyanya, simu unayo mkononi. Mpe dakika mbili yule fundi viatu na nyundo yake. Ila msalimie kwanza, umwombe ruhusa ya kumpiga picha. Akikataa, mshukuru, endelea na safari yako.