Fungu la Chombo

Orodha ya fundi ilinifikia nikiwa kwenye matatu, Thika Road, jioni, foleni haisongi. Binamu yangu wa Kilifi alikuwa ameipiga picha: ukurasa mmoja wa daftari, mwandiko wa penseli. Mbao za mkuku. Mbao za ubavuni. Matawi ya mwembe yaliyopinda, ya kuchonga mataruma. Misumari ya zinki. Pamba ya kalafati. Mafuta. Rangi. Chini kabisa, jumla: Sh58,000.

Mimi nilikuwa na Sh40,000, na hizo zilinichukua mwaka mzima kuziweka. Mpango wetu haukuwa na makuu. Chombo kidogo cha mbao, kiundwe pale pale nyumbani kwao chini ya mkanju. Binamu avue pamoja na kijana wa jirani aliyemaliza kidato cha nne na hana kazi. Mimi nibaki Nairobi, nipate fungu la chombo.

Kama hujakaa pwani: samaki wakishauzwa na gharama kutolewa, pesa hugawanywa mafungu, na chombo hupata fungu lake kama mtu, utadhani nacho kilivuta nyavu. Kwa vile chombo hakina mdomo, fungu lake hula mwenye chombo.

Basi nikaanza kukata. Mbao sikuzigusa, maana bila mbao hakuna chombo. Misumari ya zinki nikaibadilisha na ya kawaida, ile ya hadwea yoyote. Pamba nikaipunguza nusu, nikaandika, “Si mnaweza kuongezea vitambaa vya zamani?” Rangi nikaiacha, na ukweli ni kwamba nilishaanza kufikiria picha nitakazopiga. Nikafika 41,000. Nikatuma. Binamu akajibu kwa neno moja: “Sawa.”

Nilishuka Roysambu nikijiona mtu wa maana sana.

Msumari wa chuma kitupu ukikaa kwenye mbao inayolowa maji ya chumvi, hushika kutu. Kutu huvimba, hupasua nyuzi za mbao, na mbao inayouzunguka huanza kuoza. Tundu linapanuka. Inafika siku ubao umeshikwa na mazoea tu. Haya yote yanatendeka chini ya rangi. Ukisimama ufuoni unaona chombo cha buluu kinachong’aa.

Mwaka 1877 mwanafalsafa Mwingereza, William Clifford, aliandika insha inayoanza na mwenye meli. Meli yake ni kuukuu, imetengenezwa mara nyingi, na anajiandaa kuituma baharini ikiwa na wahamiaji. Shaka inamsumbua. Kuikarabati ni gharama kubwa. Kwa hivyo anajituliza: mbona imesafiri mara nyingi ikarudi salama? Mungu atawalinda. Anaiaga kwa moyo mweupe, inazama, yeye anachukua pesa za bima. Clifford anasema ana hatia, hata kama aliamini kwa dhati. Kisha anauliza: na kama meli ingefika salama? Hatia ni ile ile, anajibu. Bahati nzuri haigeuzi alichokifanya.

Niliisoma chuoni nikadhani ni stori ya matajiri. Kumbe mwenye meli anaweza kuwa mtu aliyesimama kwenye matatu kwa sababu viti vimejaa.

Lakini kuna jambo Clifford halimsumbui, na mimi linanisumbua. Mwenye meli wake ana pesa. Mimi sina, na binamu hana zaidi. Ukimwambia maskini asiingie baharini mpaka awe na chombo kisicho na dosari, umemwambia asivue. Naye atavua tu, ataazima mtumbwi wa mtu uliozibwa kwa lami. Sikubali kwamba kuunda kwa bei nafuu ni dhambi. Mitepe ya visiwa vya Lamu ilishonwa kwa kamba za makumbi, bila msumari hata mmoja, ikabeba mizigo baharini. Lakini ile kamba ndiyo iliyoshika chombo, na hapo hakuna aliyelipua kazi. Mimi nilibana pesa pale pale kwenye kiungo, mahali ambapo jicho halifiki, nikaacha pesa kwenye rangi.

Halafu kuna lile “sawa.” Kwa muda nilijificha nyuma yake. Binamu ni mtu mzima, anaijua bahari kuniliko, aliiona orodha mpya akakubali. Ila alikubali mbele ya nani? Mbele ya mtu mwenye pesa. Angekataa, angekosa chombo. “Sawa” ya mtu asiye na njia nyingine ni nzito kuisoma, na sidhani inaniondolea mzigo wote. Na yule kijana wa jirani? Yeye hakuwa hata kwenye simu. Hakuna aliyemuuliza kuhusu misumari, ilhali ndiye atakayekaa mbele.

Siku mbili baadaye nikampigia fundi mwenyewe. “Mzee, shikamoo. Pesa haitoshi. Tupunguze wapi?”

Hakukasirika. Alisema tufupishe chombo kutoka futi 18 hadi 15, viti tuchonge kwa mabaki ya mbao, na nje tupake mafuta tu.

“Bila rangi?”

“Rangi utaweka mwakani. Msumari utauweka mwakani vipi?”

Chombo kifupi hubeba samaki wachache, na miezi ya kusi hakitoki kwenda mbali. Maana yake fungu langu limepungua. Nadhani ndivyo ilivyopaswa tangu mwanzo: upungufu utoke kwangu, maana mimi nimekaa mahali pakavu. Hata hivyo sijisifu. Kusi likija ghafla, futi 15 ni futi 15, na nani atakuwa ndani? Hilo sijalimaliza.

Nilisafiri siku ya kukishusha. Chombo kipya cha mbao huvuja. Lazima kikae majini siku kadhaa mbao zinywe, zivimbe, zibanane na pamba. Nilielezwa hivyo, lakini kuyaona maji yakipenya katikati ya mbao ulizolipia ni jambo jingine. Binamu na kijana walikuwa ndani tayari, wanacheka. Mimi nilisimama mchangani na simu mkononi.

“Kaka, wewe huingii?” kijana akauliza.

Nikavua viatu. Ndani maji yalikuwa yamefika kwenye vifundo vya miguu. Akanipa kipande cha jerikeni kilichokatwa, nikaanza kufua maji.