Wawili Njiani na wa Tatu Asiyetajwa: Maadili ya Utazamaji katika Masimulizi ya Safari za Mlima Kenya

Barabara itokayo Nairobi kupitia Thika hugawanyika inapofika Kenol, mji wa Kaunti ya Murang'a uliorithi jina la kituo cha mafuta. Tawi moja huelekea mji wa Murang'a, na kwa njia hiyo hufikiwa Mukurwe wa Nyagathanga, mahali ambapo kwa mujibu wa visasili vya Agikuyu ndipo walipoanza maisha Gikuyu na Mumbi. Tawi la pili hupitia Makuyu, Sagana na Karatina, likawafikisha wasafiri Nyeri, Naro Moru na Nanyuki, yaani penye malango ya Mlima Kenya na Nyandarua. Tawi la kwanza huelekea kwa mume na mke walioonyeshwa nchi ili wakae. La pili, kwa muda wa takriban karne moja, limewapitisha waume na wake walioonyeshwa nchi ili wafurahi kisha waondoke. Makala haya yanachunguza tofauti ya kimaadili iliyopo baina ya namna hizo mbili za kutazama. Swali lake la msingi ni hili: mtu anayetembea katika nchi kwa ajili ya starehe ya macho anadaiwa nini na nchi hiyo pamoja na watu wake?

Yafaa kuanza na lugha yenyewe. Kiswahili hutofautisha kutembea na kutembelea. Kitenzi cha kwanza hakimhitaji mtu mwingine, kwani mtu aweza kutembea peke yake hata jangwani. Kitenzi cha pili, kwa nguvu ya kiambishi cha kauli ya kutendea, humlazimu msemaji ataje mtu au mahali panapotembelewa, na mara moja huzuka mgeni na mwenyeji. Neno mtalii nalo lina asili ya Kiarabu na huhusiana na kusoma na kuchunguza kwa makini. Kwa hiyo mtalii, kwa asili ya jina lake, ni msomaji. Ikiwa hivyo ndivyo, mhakiki wa fasihi ana haki ya kumuuliza maswali yale yale anayomuuliza msomaji yeyote: amesoma nini, ameruka kurasa zipi, na kwa nini?

Masimulizi ya safari za wawili yana sifa moja ya kimtindo inayostahili kuangaliwa. Nafsi yake ni "sisi", lakini "sisi" hiyo ni finyu mno. Mume na mke hupanda mlima, hushangaa, huchoka, hugombana kidogo na kupatana. Nchi huwa jukwaa la uhusiano wao. Kila jambo linalotendwa na mtu wa tatu husimuliwa katika kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Sentensi za aina ya "mahema yalisimamishwa", "maji yalichemshwa" na "mizigo ilitangulia" ni za kawaida katika utanzu huu. Sentensi ya mwisho yafaa kuzingatiwa zaidi, kwani ndani yake mzigo umepewa miguu na aliyeubeba amenyang'anywa yake. Sarufi imefanya kazi ya kisiasa pasipo msimulizi kukusudia ubaya wowote. Uovu wa kukusudia ni rahisi kuukemea. Mazoea ya sentensi ni magumu zaidi kuyatambua.

Mfano mashuhuri wa wawili wa namna hii ni Martin na Osa Johnson, Wamarekani waliopiga kambi katika mlima wa Marsabit kati ya 1924 na 1927 wakipiga picha za wanyama kando ya ziwa walilolitangaza duniani kwa jina la Paradiso. Osa Johnson alikiita kitabu chake cha 1941 *Four Years in Paradise*. Paradiso katika mapokeo ya Kikristo ni bustani ya watu wawili tu. Kuliita hivyo ziwa lililo katika nchi ya Warendille, Wagabra na Waborana ni kusema, kabla ya kitabu kufunguliwa, kwamba waliokuwapo hawahesabiwi miongoni mwa wakazi.

Mfano wa pili uko Nyeri. Mwaka 1932, Eric Sherbrooke Walker na mkewe, Lady Bettie, waliokuwa wamekwisha kuanzisha hoteli ya Outspan, walijenga Treetops, kibanda kilichowekwa juu ya mti ili wageni watazame wanyama wakinywa maji usiku. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth na mumewe Philip walilala humo, na usiku huohuo Mfalme George VI akafariki Uingereza. Tukio hilo limesimuliwa mara nyingi kama hadithi ya binti aliyepanda mti na kushuka akiwa malkia. Mara chache huulizwa juu ya mti wenyewe. Ulikuwa wa jamii ya mgumo, na mgumo kwa Agikuyu ni mti wa ibada. Chini yake wazee walitoa dhabihu wakielekea Kirinyaga. Mahali pa kusimamia na kuinua macho pamegeuzwa mahali pa kukaa na kuyateremsha.

Tarehe 20 Oktoba mwaka huohuo ilitangazwa hali ya hatari. Msitu uliokuwa burudani ya wageni ukafanywa eneo lililopigwa marufuku, na aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi. Wapiganaji wa Mau Mau walikaa humo kwa miaka, wakajifunza kusoma milio ya ndege na nyani kama dalili za kukaribia kwa adui. Katika 1954 Treetops iliteketezwa kwa moto. Ikajengwa upya mwaka 1957, mwaka ambao Dedan Kimathi alinyongwa. Basi katika kipindi cha miaka michache, msitu mmoja ulisomwa na wasomaji wawili wasiosomeana. Kwa mmoja, kuvunjika kwa kijiti gizani kulikuwa ahadi ya kumwona ndovu. Kwa mwingine, kulikuwa suala la uhai na mauti. Meja Mwangi, katika riwaya ya *Carcase for Hounds* (1974), aliurejesha msitu huo katika fasihi kama mahali pa njaa, mvua na jeraha. Mwanafunzi anayesoma vitabu vya watazamaji wa wanyama bila kusoma riwaya hiyo amesoma nusu ya msitu.

Hata hivyo, haitoshi kukomea hapa. Uhakiki wa baada ya uhuru umezoea kutoa hukumu nyepesi: macho ya mgeni ni ya kibeberu, macho ya mwenyeji ni safi. Kisasili cha Gikuyu na Mumbi, kama kilivyoandikwa na Jomo Kenyatta katika *Facing Mount Kenya* (1938), kinaitatiza hukumu hiyo. Ngai anampandisha Gikuyu juu ya Kirinyaga na kumwonyesha mabonde, mito, misitu na wanyama, kisha anamwagiza ashuke akae penye mikuyu. Huko chini anamkuta Mumbi. Mwanamume ndiye aliyeona kutoka juu. Mwanamke alikuwa sehemu ya kilichoonwa. Ni kweli kwamba koo zilipewa majina ya mabinti, na kwamba jina Mumbi lina maana ya mfinyanzi na muumbaji. Lakini nafasi ya mtazamaji haikuwa yake. Zaidi ya hayo, mapokeo yaleyale ya Agikuyu yanawakumbuka Agumba na Aathi kuwa walitangulia katika nchi hiyo. Kumbe hata jicho la mwenyeji lina watu linaowaruka. Tatizo halimo katika rangi ya jicho bali katika mahali linaposimama, yaani juu, pasipotazamwa.

Hoja hii hupata nguvu zaidi inapotazamwa hali ya leo. Mume na mke wanaopita Kenol siku ya Ijumaa jioni, wakala nyama choma, kisha wakaendelea hadi lango la Sirimon au la Naro Moru, aghalabu ni Wakenya. Watapita katika msitu mnene, watavuka mianzi, watafika kwenye nyika ya juu yenye lobelia na senesio kubwa kupita kimo cha mtu, na mwishowe mawe na mabaki ya barafu inayozidi kupungua. Mandhari yatabadilika kwa siku tatu kama yanavyobadilika kwa msafiri wa Amerika Kusini atokaye bonde la joto hadi theluji ya Andes. Watasimama Lenana, mita 4,985, na kutazama Batian, mita 5,199. Nao pia watakuwa na wapagazi. Uraia hautawazuia kusema kwamba mizigo ilitangulia. Utabaka una sarufi ileile iliyokuwa nayo ukoloni.

Je, dawa ni kukataa kubebewa? Historia ya Amerika Kusini inatoa mfano. Alexander von Humboldt na mwenzake Aimé Bonpland walipovuka njia ya Quindío, katika Kolombia ya leo, mwaka 1801, walikuta desturi ya wasafiri kukalishwa kwenye viti vilivyofungwa migongoni mwa watu. Walikataa, wakatembea kwa miguu yao matopeni. Mwaka uliofuata walipanda Chimborazo pasipo kufika kileleni, na kutokana na safari hiyo Humboldt akachapisha mwaka 1807 mchoro unaoonyesha mimea ya mlima kwa mpangilio wa kimo, mtazamo ambao hadi leo huongoza maelezo ya milima kama Mlima Kenya. Kitendo cha Quindío ni cha heshima. Lakini hakiwezi kufanywa kanuni ya jumla. Mpagazi wa Naro Moru ambaye wageni wake wameamua kubeba mizigo yao kwa sababu ya usafi wa dhamiri atarudi nyumbani bila ujira. Dhamiri safi ya mmoja yaweza kuwa sufuria tupu ya mwingine.

Wapo watakaojibu kwamba malipo yamemaliza mambo: mgeni amelipa, mpagazi amepokea, hakuna anayedaiwa. Jibu hili lina ukweli wa nusu. Malipo humaliza deni la kazi. Hayamalizi deni la usimulizi. Aliyeajiri mtu ambebee mzigo hakununua haki ya kumfuta katika hadithi ya safari waliyoitembea pamoja. Wala kumtaja kwa jina peke yake hakutoshi. Mtumishi "mwaminifu" anayetabasamu katika aya moja ya kila kitabu cha kikoloni ametajwa, lakini ametajwa kama pambo. Deni la usimulizi hulipwa pale tu mtu wa tatu anaporuhusiwa kuwa na macho: kuona jambo ambalo wawili hawakuliona, kuchoshwa na wawili, hata kuwacheka.

Kwamba jambo hili linawezekana, fasihi ya Kiswahili yenyewe ni shahidi. Katika *Safari za Wasuaheli*, mkusanyo uliochapishwa na Carl Velten mwaka 1901, imo habari ya Salim bin Abakari aliyemfuata bwana wake Mjerumani hadi Urusi na Siberia mwaka 1896. Mtumishi akawa msimulizi. Baridi, mito na watu wa nchi za mbali vilisomwa na jicho lililozoea joto la pwani. Kitabu hicho kilikusanywa chini ya mamlaka ya Wajerumani, na si busara kukifanya sauti huru kabisa. Hata hivyo kinathibitisha kwamba nyuma ya kila "sisi" ya wasafiri wakubwa kulikuwa na simulizi jingine lililoweza kuandikwa, na kwamba kukosekana kwake kwingineko ni uamuzi wala si maumbile.

Yupo pia mwenyeji asiyesafiri. Mkulima wa pembezoni mwa Nyandarua, kabla ya kukamilishwa kwa ua wa umeme wenye urefu wa takriban kilomita 400 mwaka 2009, alimjua ndovu kama mnyama awezaye kumaliza shamba la mahindi kwa usiku mmoja. Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe huko Nyeri, anasimulia katika *Unbowed* (2006) jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni za mgumo, na jinsi baadaye mti ule ulipokatwa kijito nacho kikakauka. Katika simulizi hilo mti haukwei mtu ili atazame. Mti hutazamwa kwa sababu maji yanautegemea, na watu wanayategemea maji. Huku ni kutazama kunakoambatana na wajibu.

Waswahili husema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii haimfukuzi mgeni wala haiikemei furaha yake ya siku mbili za kwanza. Inasema tu kwamba kukaa kuna kipimo, na kwamba baada ya kipimo hicho mgeni hushiriki kazi ya nyumba au hukoma kuwa mgeni mwema. Mtalii wa kisasa ni mtu anayeondoka alfajiri ya siku ya tatu. Hawezi kulaumiwa kwa kutolima, kwani hakuombwa shamba. Jembe lake ni lingine: ni maneno atakayoyasema akifika kwake.

Kwa kuhitimisha, makala haya hayadai kwamba starehe ya kutembea na kutazama wanyama ni dhambi. Kuiharamisha ni kuwanyima hata wenyeji haki ya kuifurahia nchi yao, kana kwamba uzuri wa Kirinyaga uliumbiwa wageni na taabu yake ikaumbiwa wenye nchi. Kinachodaiwa ni kwamba anayetazama akubali kutazamwa, na anayesimulia arudishe mtenda katika sentensi. Kazi hiyo inawahusu pia walimu wa fasihi wanaochagua vitabu vya kusomwa. Silabasi inayopanga masimulizi ya safari bila simulizi la mpagazi, la mpiganaji na la mkulima imewatuma wanafunzi mlimani kwa tawi moja tu la barabara. Nao watashuka wakiamini kwamba mizigo ilitangulia yenyewe.