Je, Yafaa Kukatwa Tumbo kwa Sababu ya Unene?

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani akaaye Muthara, katika nchi ya Meru, kwa biashara ya miraa, ametuletea suala tusilolizoea katika darsa zetu. Uzito wake umepita kiasi, ana maradhi ya sukari na shinikizo la damu, na matabibu wa Nairobi wamemshauri apunguzwe tumbo kwa upasuaji. Wazee wake wamemkataza. Wamwambia, "Mwanetu, funga mdomo tu, mbona wataka kukatwa kiungo kizima alichokupa Mola?" Naye atuuliza ni nani mwenye haki.

Hoja ya wazee si ya kupuuzwa. Mwili ni amana, na israfu katika kula tumekatazwa. Habari ya thuluthi tatu za tumbo kila mtoto wa chuoni aijua. Lakini hoja yao imesimama juu ya dhana kwamba kila mnene ni mlafi, na dhana hiyo si kweli. Elimu ya tiba imebainisha ya kuwa njaa huendeshwa na homoni, na mojawapo, iitwayo grelini, hutoka zaidi katika sehemu ya juu ya tumbo. Mtu apunguapo kwa kujinyima, homoni hiyo huzidi, na mwili hutumia nguvu chache kuliko kwanza, kana kwamba wapigana kurudisha ulichopoteza. Katika upasuaji ulioenea zaidi hutolewa kadiri ya robo tatu ya tumbo au zaidi, likabaki mfano wa mrija, na sehemu hiyo ya juu huondoka pia. Basi wamwambiao mgonjwa "funga mdomo" wamwamrisha ashinde vita ambavyo wao hawajapata kupigana. Twasema haya kwa masikitiko, maana katika harusi zetu ni sisi tumshindiliao mgeni sahani ya tatu ya biriani, kisha tukamcheka ainukapo kwa taabu.

Wala si kila mnene hukatwa. Mwongozo wa vyama vya kimataifa vya wapasuaji uliotolewa mwaka 2022 wataka kilo za mtu zigawanywe kwa kimo chake cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe: afikiaye 35 hushauriwa upasuaji, na mwenye maradhi ya sukari ya ukubwani hushauriwa tangu 30. Ama atakaye kukatwa ili apendeze katika picha tu, kwake neno la wazee lina uzito.

Lakini lililotushughulisha zaidi katika barua ni jambo alilolitaja ndugu yetu kwa mstari mmoja. Aliamrishwa apungue kidogo kabla ya siku yake, naye, kwa kuwa miraa i mkononi mwake, amezidisha kutafuna ili asihisi njaa, wala hakumweleza tabibu. Hapa hatuna budi kusema kwa ukali. Miraa huzuia njaa kwa saa chache, kweli, lakini huuendesha moyo mbio na kupandisha shinikizo la damu; na mtu wa hali hiyo akipewa dawa ya usingizi pasi na tabibu kujua, amejitia hatarini na amemfumba macho amtibuye. Tena mgonjwa huagizwa chakula kichache, kisicho na sukari wala wanga mwingi, kwa majuma mawili hivi, ili ini lifunikalo tumbo lisinyae na mpasuaji aone njia. Mtafunaji hushinda na soda na chingamu mchana kutwa. Atapungua wapi?

Na baada ya kisu kuna kazi ya umri mzima: kula kidogo kidogo, kutokunywa pamoja na chakula, kumeza vitamini na madini kila siku, na kupimwa damu. Afichaye neno leo, kesho atasema kweli kwa nani?

Ameuliza pia habari ya Ramadhani. Wapasuaji wengi huwakataza wagonjwa wao kufunga katika mwaka wa kwanza, kwa kuwa tumbo dogo halichukui maji mengi kwa mara moja, na mwili hukauka upesi. Huyo ni mgonjwa mwenye udhuru, naye atalipa akipata nguvu. Mwezi huo atakunywa maji mchana kwa mafunda madogo, na wazee wale wale watamwona.