Nani Atasimama na Shahidi?

Tumezoea kusema kwamba haki hutolewa na mahakama. Mahakama hutoa hukumu, ni kweli, lakini kabla ya hukumu lazima awepo mtu aliyethubutu kusema. Mtu huyo ana watoto wa kulisha na nauli ya kutafuta, na ana majirani ambao kesho wanaweza kumkwepa njiani. Haki huanza kudai gharama siku nyingi kabla hakimu hajaketi. Mimi ni kijana ninayeishi kwa kupiga picha, Lubumbashi na katika vijiji vya upande wa Kinsevere: harusi, ubatizo, picha za vitambulisho, na mara nyingi kuliko ningependa, vilio. Kazi hii imenifanya niulize gharama hiyo ni ya nani, na jamii inaposema inamuunga mkono anayedai haki, inamfanyia nini hasa.

Kinsevere ni mgodi wa shaba, kilomita 30 hivi kaskazini mwa mji. Leo unamilikiwa na MMG. Hadi 2012 ulikuwa wa kampuni ya Anvil Mining. Anvil hiyo hiyo ndiyo iliyochimba Dikulushi, karibu na Kilwa, mji wa wavuvi kwenye ziwa Mweru. Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliingia Kilwa. Jeshi lilipourudisha mji mikononi mwa serikali, watu wasiopungua 73 walikuwa wamekufa kwa hesabu ya wachunguzi wa Umoja wa Mataifa, na kati yao wapo waliouawa bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Wanajeshi walitumia ndege na magari ya kampuni. Kampuni ilijibu kwamba ilishurutishwa na serikali kuyatoa. Tarehe 28 Juni 2007 Mahakama ya Kijeshi, hapa hapa Lubumbashi, iliwaondolea mashtaka ya Kilwa wanajeshi walioshtakiwa pamoja na watumishi 3 wa zamani wa Anvil.

Tufikirie mama aliyepoteza mwanawe Kilwa siku ile hukumu ilipomfikia. Mauaji alikuwa ameyajua kwa miaka karibu mitatu. Kilichokuwa kipya kwake ni kuambiwa, kwa lugha ya sheria na kwa mhuri wa taifa, kwamba alichokiona hakikuwa alivyokiona. Hapo ndipo ninapoona dhuluma mbili. Ya kwanza ni tendo lenyewe: risasi, nyumba iliyovunjwa, shamba lililochukuliwa. Ya pili ni kukanwa kwa tendo, ambako humgeuza aliyetendewa kuwa mwongo au kichaa. Hizi mbili huishi pamoja lakini hazitibiwi na mganga mmoja. Ya kwanza inahitaji sheria, fidia na adhabu, mambo ambayo kijiji hakina. Ya pili inahitaji watu watakaosema, mbele ya kila anayeuliza: tunakuamini, nasi tulikuwepo.

Shauri la Kilwa lilipaswa kufa mwaka 2007. Halikufa, kwa sababu wapo waliokataa kulizika. ACIDH, shirika la hapa Lubumbashi, liliendelea na wahanga, likisaidiwa na RAID la Uingereza na IHRDA la Banjul. Mwaka 2010 mlango ulibishwa Quebec, nchini Kanada. Mwaka 2012 mahakama ya rufaa ya huko ilisema shauri hilo si lake kulisikiliza, na Mahakama ya Juu ya Kanada haikukubali kulifungua tena. Mlango wa Afrika ndio uliofunguka. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imeikuta serikali ya Kongo na hatia ya kuvunja haki za watu wa Kilwa, na imeitaka iwalipe wahanga 8 na familia zao dola milioni 2.5 na kuwafungulia mashtaka waliohusika.

Mwenye shaka ataniambia: Tume haina polisi wala jela, na karatasi haijengi nyumba. Sibishani naye. Lakini karatasi ile iliwapa watu jambo ambalo hukumu ya Lubumbashi iliwanyima: kusadikiwa. Isingeandikwa kama kwa miaka yote ile ya katikati, wakati hakuna mahakama iliyokuwa ikisikiliza, kusingekuwa na watu wachache waliomshikilia shahidi asichoke.

Mpiga picha hupenda kuamini kwamba kazi hiyo ya kumfanya mtu asadikiwe hufanywa na picha. Historia ya nchi yetu inampa sababu. Mwaka 1904, huko Baringa, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba aliyeitwa Nsala, akiwa ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake Boali, vilivyobaki baada ya walinzi wa kampuni ya mpira kumuua. Picha hiyo ilionyeshwa katika kumbi za Uingereza na Marekani, watu wakalia, wakaandika barua, na mwaka 1908 mfalme Leopold II alilazimika kuiachia dola ya Ubelgiji nchi hii. Ni ushindi mkubwa wa kamera. Hata hivyo katika kumbi zile Nsala alitazamwa. Hakuna aliyemuuliza neno.

Katika miaka hiyo hiyo Tume ya Uchunguzi ya Leopold ilipofika Kongo, chifu Lontulu wa Bolima aliweka mezani vijiti 110, kimoja kwa kila mtu wake aliyeuawa kwa ajili ya mpira. Alivigawa mafungu: wakubwa, wanaume, wanawake, watoto. Kisha akataja majina ya wengi wao. Kijiti hakina sura, hakimtoi mgeni machozi, na kikitengwa na anayekijua kinafaa kuwashia moto tu. Nguvu yake yote ilikuwa kwamba upo ukoo uliokumbuka majina na mzee aliyekubali kuyataja mbele ya wenye mamlaka.

Kwenye kilio kimoja mama mzee aliniuliza, nikiwa nimeshika kamera: "Mutoto, hii picha utaipeleka wapi?" Aliuliza kwa upole, lakini ni swali linalomkata mpiga picha nusu mbili. Picha inayokwenda mbali humfikisha mtu kwa wageni wanaomhurumia. Picha inayobaki kwa jirani humweka mikononi mwa wanaoweza kusema: huyu ni fulani, mwana wa fulani, alikuwa hai siku ile. Huruma ya mgeni hupita na habari mpya. Ushuhuda wa jirani huweza kuitwa mahakamani hata baada ya miaka 10.

Lakini tusiisifu jamii kupita kiasi. Watu wanaomvamia mwizi mtaani na kumpiga mpaka afe nao hujiita jamii, nao husema wanatenda haki. Kinachowatofautisha na majirani wa shahidi ni kwamba kundi lile halitaki kusikia. Mshukiwa anakanwa kabla hajasema, na dhuluma ya pili inatendwa na wale wale waliodhulumiwa. Jamii inaisaidia haki pale inapopanua usikivu, hata kwa yule inayemchukia.

Mtihani mgumu zaidi huja bila kelele. Kanuni ya Madini ya 2018 inaagiza asilimia 15 ya mrabaha iende kwa utawala wa mahali mgodi ulipo, na walau asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni iende kwenye miradi ya wenyeji. Ni jambo jema: kilichokuwa hisani kimekuwa deni. Ila kisima na shule ni vya wote, na shamba lililochukuliwa ni la mmoja. Mmoja huyo akilalamika, wengine humwambia anyamaze asije akaufukuza mradi. Hakuna askari aliyewaamuru. Wanamkana kwa hesabu zao wenyewe, na kwa hesabu hiyo kila mmoja wao anajifunza atakavyotendewa zamu yake ikifika.

Kwa hiyo siku hizi ninapopiga picha ya mtu mwenye shauri, nakala ya kwanza ni yake, za pili ni za majirani wawili au watatu aliowataja yeye, na nyuma ya kila moja tunaandika jina, mahali na tarehe. Picha haitamrudishia shamba. Itawafanya majirani hao wawe na jambo la kujibu wakiulizwa, na iwe vigumu kwao kusema hawakujua. Fidia tunaweza kuingojea kwa mahakama, maana haiko mikononi mwetu. Kumwamini jirani aliyesema kweli kuko mikononi mwetu leo, na tukimnyima imani hiyo hatuna serikali wala kampuni ya kuisingizia.