Elimu ya Ukame ni Amana: Tafakuri kutoka Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Miongoni mwa maswali yanayohusu wajibu wa mwanadamu kwa jirani yake, liko moja ambalo wanazuoni wa dini na wanafalsafa hawajalipa nafasi linayostahili, nalo ni hili: taifa au taasisi yenye ujuzi wa kuutambua ukame kabla haujafika, na wa kuustahimili ukishafika, ina haki ya kuuhodhi ujuzi huo kama mali yake, au imekabidhiwa tu kwa ajili ya wengine? Makala hii inashikilia kwamba elimu ya ukame ni amana, yaani kitu kilichowekwa mikononi mwa mtu naye akawajibika kukifikisha kwa wenyewe, na kwamba mitandao ya kimataifa inayobadilishana elimu hiyo inastahili kuungwa mkono kwa sababu ya haki, wala si kwa sababu ya hisani. Hoja hiyo inapimwa hapa kwa mifano ya Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika, ambalo Tanzania inalimiliki pamoja na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Zambia.

Huenda msomaji akashangaa kuona ukame ukijadiliwa kando ya ziwa lenye kina cha takriban mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Ukame, hata hivyo, hauna sura moja. Wataalamu hutofautisha ukame wa hali ya hewa, ambao ni upungufu wa mvua ukilinganishwa na kawaida ya mahali; ukame wa kilimo, ambao ni udongo kukosa unyevu wakati mmea unapouhitaji; na ukame wa kihaidrolojia, ambao ni kupungua kwa maji ya mito, visima na maziwa. Mkulima wa Buha, mkoani Kigoma, anayepanda mahindi mvua za Novemba zinapoanza anaweza kuyapoteza kwa wiki chache za jua kali huku ziwa likiwa limejaa. Mchikichi, zao ambalo Kigoma inajulikana kwalo, unaonyesha jambo hili kwa namna ya pekee: mti ukikosa maji huelekea kutoa maua dume mengi kuliko majike, na kwa kuwa ua huchukua muda mrefu tangu kuumbwa hadi kuwa mkungu uliokomaa, upungufu wa mavuno huweza kuonekana miaka miwili baadaye, wakati mvua imekwisha kurudi na mkulima hana tena sababu ya kuushuku ukame.

Si rahisi kwa mtu mmoja katika shamba moja kuigundua sababu iliyoutangulia upungufu huo kwa miaka miwili. Imegunduliwa kwa kulinganisha kumbukumbu za mashamba ya nchi nyingi za Afrika Magharibi na Asia. Hata mbegu ya tenera, ile chikichi yenye kifuu chembamba na mafuta mengi ambayo leo inahimizwa na kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, inatokana na maarifa ya urithi wa mchikichi yaliyochapishwa mwaka 1941 na watafiti wa Yangambi, katika bonde la Mto Kongo. Kwa hiyo mkulima wa Kigoma tayari anaishi kwa elimu ya wengine, na hakuna nchi iliyo mwambaoni inayoweza kusema kwamba ujuzi wake wote umechimbuka katika ardhi yake.

Kabla ya kuendelea, pingamizi la kiitikadi linahitaji kujibiwa. Katika Uislamu, ambao una mizizi mirefu Ujiji tangu enzi za misafara ya karne ya 19, mwisho wa Surat Luqman unaitaja mvua pamoja na mambo ambayo elimu yake iko kwa Mwenyezi Mungu, na wapo waumini wanaoona kwamba anayetabiri mvua anajitosa katika ghaibu, yaani mambo yaliyofichwa viumbe. Pingamizi hili lina uzito wala halifai kubezwa. Jibu lake ni kwamba mtabiri mwaminifu wa hali ya hewa hadai kuyajua yaliyofichwa. Husoma dalili zilizo wazi, kama vile joto la maji ya Bahari ya Hindi na mwelekeo wa pepo, kisha hutamka uwezekano, huku akikiri kwamba yanaweza kuwa vingine. Mafundisho mashuhuri ya Mtume ya kumtaka mtu amfunge ngamia wake kisha amtegemee Mungu yanaweka kanuni hiyo hiyo: kutawakali hakumwondolei mja wajibu wa kushika sababu. Sala ya kuomba mvua, ambayo Waislamu huiita istiskaa, na kipimamvua kilichosimikwa uwanjani havigombani, kwa kuwa cha kwanza ni dua kwa Muumba na cha pili ni kuitazama kwa makini kazi yake.

Ikishakubaliwa kwamba elimu hii ni halali, linabaki swali la umiliki, na hapo historia ya ziwa lenyewe inatoa ushahidi mzito. Katika karne ya 19 maji ya Tanganyika yalipanda kwa miaka mingi, na mkazi wa Ujiji aliyeutazama ufuo wake tu asingeweza kujua kwa nini. Sababu ilikuwa ng'ambo, upande wa magharibi, mahali Mto Lukuga unapotoka ziwani kwenda kwenye bonde la Kongo. Msafiri Verney Lovett Cameron alifika huko mwaka 1874 na mwenzake Henry Morton Stanley mwaka 1876, nao wakaukuta mlango wa mto umezibwa na matope na mimea, kizuizi ambacho maelezo yanayokubalika ni kwamba kilijijenga katika kipindi cha ukame cha awali, ziwa liliposhuka chini ya mlango huo na maji yakaacha kutoka. Kizuizi hicho kilibomoka mnamo 1878, ziwa likashuka kwa takriban mita 10 katika miaka iliyofuata, na Ujiji, bandari iliyojulikana kote Afrika Mashariki, ikaachwa mbali na maji. Hatima ya mji mmoja iliamuliwa na tope la mto ulio ng'ambo, na asiyekuwa na habari za ng'ambo hakuweza kuyaelewa maisha yake mwenyewe.

Mto Ruzizi, ulio kaskazini mwa ziwa, unafundisha upande wa pili wa amana. Mwaka 1858 wasafiri Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Uvira, wenyeji waliwaambia kwamba Ruzizi unaingia ziwani. Hata hivyo wanajiografia wa Ulaya waliendelea kubishana iwapo maji ya Tanganyika yanatoka kwa njia hiyo hiyo kwenda Mto Naili, hadi David Livingstone na Stanley walipokwenda kwa mtumbwi kutoka Ujiji mwaka 1871 na kujionea mto ukiingia. Jibu lililokuwa vinywani mwa wenyeji lilisubiri miaka 13 kwa sababu aliyelitoa hakuhesabiwa kuwa mwenye elimu. Mtandao wowote wa maarifa unaopokea habari za wakulima na wavuvi bila kuziamini hurudia kosa hilo hilo, hata ukiwa na mitambo ya kisasa.

Dini zinazofuatwa mwambaoni zina msingi wa kutosha wa kulijibu swali la umiliki. Kisa cha Yusufu, kinachosomwa na Waislamu na Wakristo, ndicho kisa kikuu cha ukame katika vitabu vyao: miaka saba ya neema, miaka saba ya njaa, na hifadhi ya nafaka iliyowaokoa Wamisri pamoja na watu wa Kanaani waliovuka mpaka kutafuta chakula. Katika masimulizi ya Qur'ani, Yusufu anaulizwa tafsiri ya ndoto akiwa bado gerezani, naye anaitoa papo hapo, pamoja na ushauri wa kuhifadhi nafaka ndani ya mashuke yake, bila kuifanya elimu yake kuwa bei ya kufunguliwa. Aliyeonewa anaifikisha amana hata kwa dola iliyomfunga. Hadithi za Mtume, kwa upande wake, zinaonya vikali anayeulizwa elimu akaificha, na zinawahesabu watu kuwa washirika katika maji. Nao waraka wa Papa Fransisko wa mwaka 2015, Laudato Si', unayatetea maji salama kuwa haki ya msingi ya kila mtu. Ikiwa maji yenyewe ni ya ushirika, ujuzi wa kukosekana kwake hauwezi kuwa wa faragha.

Hoja nzito zaidi dhidi ya msimamo huu inatoka kwa nchi maskini zenyewe, zinazouliza kwa nini zitoe vipimo vyao bure kwa wenye kompyuta kubwa, ambao watavirudisha kama bidhaa ya kuuza. Shaka hiyo ina msingi, na jawabu lake ni kuifanya amana iwe ya pande mbili. Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilielekea huko mwaka 1995 lilipopitisha Azimio Namba 40, lililotaka takwimu za msingi zibadilishwe bila malipo wala masharti. Katika ukanda huu, vituo vya kufuatilia ukame vilianzishwa Nairobi na Harare mwaka 1989, na kile cha Nairobi ndicho leo kinaitwa ICPAC, ambacho huwakutanisha wataalamu wa nchi za ukanda, wakiwemo wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ili kuafikiana utabiri wa msimu. Mkataba wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa saini Dar es Salaam mwaka 2003, nao unazifunga nchi nne kupeana taarifa. Vyombo hivi ni dhaifu pale bajeti zinapopungua, na huwa batili kimaadili pale utabiri unapoishia katika ripoti ya Kiingereza au Kifaransa isiyomfikia mkulima wa Kasulu, kwa kuwa amana isiyomfikia mwenyewe haijalipwa.

Kwa hiyo kila upande una deni lake. Serikali za mwambao zilipe michango ya taasisi hizi kwa wakati na kuvitunza vituo vya kupima mvua na kina cha ziwa. Nchi tajiri zirudishe matokeo ya utafiti uliofanywa kwa tope, samaki na vipimo vya Tanganyika katika lugha inayosomeka Kigoma, Uvira na Kalemie. Nao mashehe, mapadri na wachungaji wautangaze utabiri wa msimu misikitini na makanisani kama sehemu ya huduma yao. Anayejua kwamba njaa inakuja akanyamaza ana sehemu katika njaa hiyo.