Dhihaka na Utani

Kiswahili kina maneno mengi ya kumfanyia mtu mzaha: kudhihaki, kukejeli, kubeza, kusimanga, kutania. Huwekwa pamoja kama watoto wa nyumba moja, lakini tabia zao si moja. Kusimanga hutaka kwanza uwe umempa mtu kitu, kisha umkumbushe. Kubeza hutosheka na mdomo, pengine bila ya neno. Kudhihaki na kukejeli hutaka mtu wa kuchekwa na, mara nyingi, watu wa kucheka. Kutania peke yake hutaka mwenzi.

Sarufi yenyewe yashuhudia. Twasema mtani wangu, kama tusemavyo ndugu yangu na jirani yangu. Sijapata kusikia mtu akijivunia mbezaji wake. Tena wawili wakidhihakiana wamegombana, bali wakitaniana wamejuana. Kiambishi ni kile kile, na matunda yake ni mbalimbali.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Asili ya utani huo, kwa maelezo ya wengi, ni njia ya misafara ya karne ya 19, iliyotoka Bagamoyo ikafika Tabora, na kutoka hapo ikagawanyika, moja kwenda Ujiji, nyingine kaskazini kwenda Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walichukua pembe za ndovu kuteremka pwani, wakarudi na nguo na shanga. Safari ilikuwa ya miezi, nao walipita katika nchi za watu. Walihitaji maji, chakula na mahali pa kulala. Aliyekufa njiani alihitaji wa kumzika. Mtani huchukua kuku wako bila ya ruhusa, na siku ya msiba wako huzuia maiti mpaka apewe chochote. Lakini ndiye huyo huyo ashikaye kazi ya mazishi. R. E. Moreau aliandika habari za desturi hii mwaka 1941, na haikufa pamoja na misafara. Reli ilipofika Tabora mwaka 1912 ilichukua mizigo, haikuchukua utani.

Liko neno moja la watani linitialo mashaka. Hupenda kuitana mtumwa wangu. Njia ile ile ya Tabora ilipitwa na watumwa wa kweli, shingo zao zimo katika kongwa na minyororo. Mpagazi aliyeitwa mtumwa na mtani wake alicheka, akalirudisha neno. Aliyefungwa aliitwa jina hilo hilo, asiwe na pa kulirudisha.

Wako wasemao kwamba nia ya msemaji ndiyo iamuayo kama neno ni utani au dhihaka. Siafiki. Moyo wa mwenye kuwacheka waliofungwa waweza kuwa mweupe, na dhihaka ikabaki dhihaka. Kanuni ya utani humkataza mtani kuudhika; ni kanuni ngumu, na haki yake yote ni kwamba imewafunga wawili.

Basi tutazame maofisini na shuleni mwetu. Mkubwa hucheka umbo la mdogo wake, au kabila lake, au matamshi yake. Mdogo akinuna huambiwa hajui utani. Na ajaribu siku moja kumjibu mkubwa wake kwa mzaha wa kipimo kile kile, mbele ya watu wale wale.